Ijumaa za Upande wa Pili wa Ukuta

Siku tuliyomzika mume wangu, nilimwonea wivu mwanamke aliyeshikiwa mwavuli. Ilikuwa kule Suma, kwenye shamba la baba yake, na mvua ilikuwa ile ya kwetu, isiyopiga hodi wala kuaga. Watu walijibana chini ya migomba, mchungaji anasoma huku msaidizi wake amemfunikia kitabu kwa nailoni. Ng'ambo ya kaburi alisimama Zuhura, aliyekuwa jirani yetu mtaa wa Bulyaga, Tukuyu, tulipokuwa vijana, na nyuma yake Selemani, mumewe, mvi tupu kichwani, amemkingia mkewe mwavuli mpaka yeye mwenyewe bega zima limelowa. Dada zangu walikuwa wamenishika huku na huku wakidhani nitaanguka. Mimi sikuwa naanguka. Nilikuwa natazama lile bega la Selemani linavyolowa, na nikasema moyoni: hata leo, Mungu wangu, hata leo hawa watu wawili hawawezi kuniacha nipumzike.

Baadaye walikuja kunipa pole chini ya turubai. Zuhura alinikumbatia, akalia kwa machozi ya kweli, kwa sababu mbaya zaidi kuhusu Zuhura ni kwamba ni mtu mwema. Selemani alisema, "Jirani, Ambakisye alikuwa mtu." Kisha wakakaa na sahani zao za wali, na nikamwona Selemani anautoa mnofu kwenye sahani yake na kuuweka kwenye ya mkewe bila hata kutazama, na Zuhura anaula bila hata kushukuru, watu waliozoea. Zuhura akaniuliza kama ninazikumbuka Ijumaa zao. Nikamwambia nazikumbuka kidogo. Uongo mtupu! Nazikumbuka zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyokumbuka aliyemtukana.

Nyumba ile ya Bulyaga ilikuwa ndefu, ya matofali ya kuchoma, mwenye nyumba ameigawa katikati apate wapangaji wawili. Kila upande sebule, chumba, na jiko la nje. Ukuta wa kutugawa uliishia usawa wa kenchi, na dari haikuwepo, kwa hiyo juu tulikuwa na paa moja na hewa moja. Walipokaanga vitunguu sisi tulipiga chafya. Mwanangu Lugano alipokohoa, Zuhura alisema "pole, mwanangu" akiwa kitandani kwake. Walihamia mwanzoni mwa mwaka, wakati wa mvua kubwa: yeye mwalimu wa sekondari, mtu wa Tanga, mumewe afisa ugani, na watoto watatu waliofuatana kama ngazi. Mimi nilikuwa nashona sare za shule barazani, na Ambakisye alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai kule Kyimo. Lugano alikuwa na miaka minne, na mdogo wake Neema ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa.

Ijumaa ya kwanza Zuhura alikuja mlangoni kwangu jua linazama, watoto wake nyuma yake wameshakula na kuoga. Aliniomba kwa adabu zote za pwani kama wanaweza kukaa kwangu kuangalia televisheni kidogo. "Mimi na baba yao tunatoka," alisema. Nilimtazama miguuni. Alikuwa na ndala za bafuni. Nikawapokea watoto, nikawapanga kwenye mkeka pamoja na wangu, na nikasubiri kusikia geti likifunguliwa. Geti halikufunguliwa. Nilichosikia ni mlango wa sebule yao ukigongwa, na sauti ya Selemani ikisema kwa nje, "Hodi wenyewe, hapa ndipo kwa kina Zuhura?" Na sauti ya mkewe ndani ikajibu, nyembamba kama ya msichana, "Ndipo. Wewe nani?" Mtoto wao mkubwa aliniona nimeacha mdomo wazi, akanieleza bila kutoa macho kwenye katuni: "Leo ndiyo wanajuana. Baba amevaa tai."

Selemani aliuita mtoko wa ndani. Kila Ijumaa mmoja wao alipanga, mwingine hakuambiwa. Ijumaa moja walikuwa Tanga: walitandika jamvi, wakachoma udi mpaka nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba zikanukia, na dagaa wa Kyela wakapikwa kwa nazi kana kwamba wametoka Pangani. Ijumaa nyingine walikuwa hotelini, na Selemani ndiye mhudumu, kitambaa begani, anasema samahani mama, kuku amekwisha, kuna maharage na kuna maharage. Walikuwa na sheria: kutaja ada, homa ya mtoto, au mkuu wa shule, unaosha vyombo. Niliwasikia wakishtakiana. "Umetaja suruali ya shule ya mwanao Musa!" "Sikutaja, nilisema nguo." "Utaosha!" Na kicheko. Kicheko chao kilipanda, kikavuka kenchi, kikashuka upande wangu na kukaa nami kwenye kochi.

Lakini iliyonimaliza ni Ijumaa ya treni. Walipanga masanduku yao mawili sebuleni, wakakaa juu yake ubavu kwa ubavu wakila mayai ya kuchemsha na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Najua kwa sababu nilipeleka kikombe ambacho hakuna aliyekihitaji, nikachungulia. Zuhura alikuwa amelaza kichwa begani kwa mumewe na amefumba macho. "Tumefika wapi?" aliuliza. Selemani akatazama dirishani, ambako palikuwa na choo chetu na mgomba mmoja, akasema, "Korogwe hatujafika. Lala, nitakuamsha." Mimi nilirudi kwangu na kikombe changu. Sikutaka treni. Sikumtaka Selemani, ambaye alikuwa mfupi na anapiga mswaki kwa kelele. Nilitaka mtu aniambie nilale, ataniamsha.

Ambakisye alirudi kila siku baada ya gari la mwisho la chai kupakia, mikono inanuka majani mabichi, na alikula bila kuzungumza. Si kwamba alikuwa mkorofi. Hakunipiga, hakunywa kupita kiasi, alileta alichopata. Ila alinitazama kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake: anajua upo, anapita. Nilikuwa nimejifungua watoto wawili, nimenenepa hapa, nimekonda pale, nimebadilisha nywele mara tatu, na hakuna siku aliyowahi kusema neno. Usiku mmoja wa treni na mahoteli nilimuuliza, "Unawasikia hao?" Akatega sikio. "Wanacheka," alisema. Nikamuuliza anadhani wanacheka nini. Akafikiri kweli kweli, maana alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa, akasema, "Labda wana nafasi." Kisha akaomba chumvi.

Mwaka huo huo dada yangu alifungua chumba cha cherehani Mbeya, pale Mwanjelwa, akanipigia simu akitaka niende tushone pamoja. Alisema watoto watapata shule nzuri, Ambakisye atakuja mwisho wa mwezi akipenda. Wote tulijua maana ya "akipenda". Mke aliyepanda gari na watoto na cherehani hajaenda kusalimia. Nilimwambia dada nitafikiri. Nikaanza kukunja nguo za Neema moja moja na kuziweka kwenye begi chini ya kitanda, na kila Ijumaa kicheko kiliposhuka kutoka kwenye kenchi niliongeza nguo nyingine.

Nilimwuliza Zuhura mara moja tu, tukiwa tunafua. Nilijitia nataka kujua namna ya kupika dagaa. Hakudanganyika. "Jirani," alisema, "vyaelea, vimeundwa. Sisi tumekaa mbali miaka mitatu, mimi kule, yeye huku. Tulipokutana tukawa tunaongea habari za watoto tu, kama manesi wanapokezana zamu. Nikamwambia Selemani, mimi na wewe tutakuja kuachana kwa adabu. Ndiyo tukaanza." Akaikamua shuka yake, akanitazama. "Panga na wewe. Watoto nitakaa nao mimi. Na nina kitambaa cha meza cheupe, nitakupa." Nilichukia ushauri wake, nilichukia wema wake, na kitambaa nikakichukua.

Tatizo ni kwamba sikuwa na pa kwenda. Wao walikuwa na Tanga, wana reli, wana hoteli walizowahi kulala. Mimi nilikuwa na Kyimo nilikozaliwa, Tukuyu nilikoolewa, na Mbeya nilikotaka kukimbilia. Nililala nikiwaza siku tatu mpaka nikakumbuka harusi yetu. Siku ile tulikaa meza kuu tangu mchana, watu wanatuza, wanacheza, mvua ikashuka, umati ukaingia ndani ya turubai pamoja na sufuria, na chakula kilipokuja kutufikia maharusi kilikuwa kimekwisha. Tulilala njaa usiku wa ndoa yetu. Ambakisye alinigawia karanga alizozikuta mfukoni. Basi, nikasema, nitampikia mume wangu ule mlo wa harusi tuliokosa. Nitavaa gauni langu la kijani la sendofu, nililoagwa nalo nyumbani kabla ya harusi. Na nikajiwekea nadhiri, kwa sababu ndivyo nilivyo: kama atakaa mezani na mimi, anitazame, aseme neno moja la kuonyesha ameniona, nitakaa. Kama atakula na kuomba chumvi, Jumatatu ninapanda gari.

Ijumaa hiyo asubuhi nilimwambia, "Leo uwahi. Usile huko, kuna nyama." Akasimama mlangoni, akageuka. "Nyama? Leo?" Nikamwambia leo. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo, akaondoka. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa la Mnyakyusa tu. Mimi nilidhani nimemwita mume. Yeye alisikia nyumbani kwake kunapikwa nyama siku isiyo ya sikukuu, na mchana akapata habari kwamba baba yake ameletwa kutoka Suma kuangaliwa mtoto wa jicho hospitalini na amefikia kwa shemeji. Mtoto gani wa kiume anakula nyama na mkewe, baba yake yuko mtaa wa pili? Akadhani mimi ndiye niliyepata habari mapema. Akadhani, nasikia aibu kuandika, kwamba nina akili kuliko wake wote wa kaka zake.

Nilitandika kitambaa cheupe cha Zuhura. Niliweka sahani mbili, viti viwili vinatazamana, na maua ya porini ndani ya glasi. Nilipika mbalaga, ndizi zetu na nyama ya mbavu, zikaiva mpaka mchuzi ukawa mzito, na pilau pembeni kwa sababu ya heshima ya harusi. Zuhura aliwachukua watoto saa kumi na moja, akanifunga zipu iliyogoma katikati, akaniambia, "Vuta pumzi, jirani, usiitoe mpaka kesho." Niliwasha mishumaa miwili. Jua lilikuwa linaishia, ukungu umeanza kuteremka kutoka mlima Rungwe, na nikasikia hatua za Ambakisye uani. Kisha nikasikia fimbo. Kisha nikasikia kikohozi cha baba yake.

Kwa wale wasiotujua: kwa wazee wetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani. Ukimwona njiani unaiacha njia, unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Mjini wengi walikuwa wameshaacha, lakini mzee wetu hakuacha, na mimi nilikuzwa na bibi ambaye angefufuka kunichapa. Nilikimbilia chumbani na gauni langu la kijani, nikavuta pazia la mlango, nikakaa kitandani juu ya lile begi lililokuwa chini yake. Nilisikia mume wangu akiingia, akisimama, akitazama meza. "Baba," alisema kwa sauti ya kujivuna ambayo sikuwahi kuisikia, "ona alivyokuandalia." Na akamkalisha kwenye kiti changu.

Zuhura, ambaye bila shaka alikuwa amesimama juu ya kitu, alinong'ona kutoka kwenye kenchi: "Jirani! Si haoni vizuri huyo? Nenda ukae mezani, nyamaza tu." Nilimwonyesha ngumi. Hata kama macho hayaoni, mkwe ni mkwe. Nikasikia kijiko cha kwanza, nikasikia mzee akimshukuru Kyala, Mungu wetu, kwa mtoto anayemkumbuka, nikasikia Ambakisye akicheka. Akicheka! Wakaanza kuzungumza, ng'ombe gani amezaa, nani kauza shamba, maneno mengi kuliko niliyopewa mimi mwaka mzima, na mshumaa wangu unawaangazia. Niliwahi kumwonea wivu Zuhura, lakini kumwonea wivu mzee mwenye mtoto wa jicho, kwa sababu amekaa mbele ya mume wangu anakula mlo wangu wa harusi, hapo nilijiona nimefika mwisho wa barabara. Nikamwita.

"Baba Lugano, njoo mara moja."

Aliingia akifuta mikono, anatabasamu. Kisha akaniona. Aliliona gauni, akaiona zipu, akaiona midomo niliyopaka, akageuka akaitazama meza kupitia pembeni ya pazia, sahani mbili, viti viwili, maua.

"Sahani ile moja," nilimwambia, "ilikuwa yangu."

Alimaliza kufuta mikono, akatoka. Nikasema basi. Nikainama, nikalivuta begi kutoka chini ya kitanda, nikaanza kulifunga. Nje nilisikia kiti kikiburuzwa, na nikadhani wanasogea karibu na mishumaa. Pazia likafunguka kidogo. Ambakisye alikuwa ameleta kigoda na kukiweka kizingitini kabisa, mguu mmoja sebuleni, mguu mmoja chumbani. Akanipitishia sahani ya tatu, imejaa, nyama yote ameelekeza upande wangu. Kisha akakaa, mgongo wake kwenye mwimo wa mlango, ubavu mmoja kwa baba yake na mmoja kwangu, akaweka sahani yake magotini, akaanza kula.

"Mwambie mama Lugano ndizi zimelainika," mzee alisema kwa Kinyakyusa, maana kuniambia mwenyewe haikuwezekana.

Ambakisye akageuza shingo. "Baba anasema ndizi zimelainika."

"Mwambie ndaga," nilishukuru.

"Anasema ndaga, baba."

"Muulize watoto wako wapi, mbona kimya."

"Baba anauliza watoto."

"Mwambie wako kwa jirani. Mwambie leo ilikuwa harusi."

Ambakisye akamgeukia baba yake. "Anasema leo tunakula chakula cha harusi, baba. Kile tulichokosa."

Mzee akacheka huku akikohoa. "Kumbe hamkula? Mimi nilikula sahani mbili siku ile!" Kisha akapata mfupa, na kwa muda kukawa hakuna sauti nyingine ila mfupa ule. Mimi nilikuwa nimeanza kula, goti langu liko hatua moja kutoka kwenye goti la mume wangu, begi limekaa wazi pembeni. Hakuwa akilitazama begi. Alikuwa akitazama sahani yake, na shingo yake ilikuwa imeingia mabegani kama mtu anayenyeshewa.

"Baba anasema umependeza," alisema.

Mzee hakuwa amesema kitu. Alikuwa bado na mfupa mdomoni, nilikuwa namsikia. Na katikati yetu kulikuwa na pazia, na hata lisingekuwepo, macho yale yasingeona kijani.

"Mwambie arudie," nilisema.

Ambakisye alimeza. "Anasema umependeza sana. Anasema hilo gauni amekuwa akijiuliza siku zote utalivaa lini tena, ila hajui mtu anaulizaje."

"Nani?" mzee aliuliza kutoka mezani. "Mimi nimesema hayo?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akafikiri. "Basi kama nimesema, nimesema. Muulize kama nyama imebaki."

Nilicheka mpaka zipu ikaachia. Nilicheka kwa sauti, nikaiacha ipande mpaka kwenye kenchi na kuvuka, na upande wa pili wa ukuta kukawa kimya kabisa, watu wanasikiliza. Sitasema sikuongeza sauti makusudi.

Usidhani wivu ulikufa siku hiyo. Ijumaa iliyofuata walikuwa mbuga za wanyama, na Selemani aliunguruma kama simba, na mimi nikakata uzi kwa meno. Hatukuwahi kuwa watu wa mitoko. Lakini Jumatatu ile ya nadhiri dada yangu, niliyekuwa nimemdokeza kwamba huenda nikaja, alipiga simu mapema kuuliza nimepanda gari la saa ngapi. Nikamwambia siji. Akauliza, "Amekukatalia?" Ambakisye alikuwa ameinama mlangoni anafunga viatu, anawahi chai, hana habari. Nikasema hapana, hajui hata kama nilitaka kuondoka.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Ambakisye aliendelea kuniletea habari kwamba baba anasema nimependeza.